Korona kwa watoto na virusi vinavyobadilika kila siku: maswali mnayoniuliza mara kwa mara

Mimi ni nesi, wadi ya watoto, hapa Dar. Kila mafua yakipita mtaani simu yangu hailali, mara "nesi mtoto anakohoa hiki kirusi kipya au kile cha zamani", mara sauti ya dakika nne ya mtoto analia halafu naulizwa "unasikiaje hapo?". Nimeyakusanya maswali yote hapa, ukiniuliza tena nakutumia hii.

Hivi korona bado ipo au tunatishana tu?

Ipo. Shirika la Afya Duniani liliondoa ile hali ya dharura tarehe 5 Mei 2023, watu wakaelewa kwamba ugonjwa umeisha, kumbe kilichoisha ni dharura. Kirusi kinazunguka kama mafua mengine, kinapanda kinashuka, na kila baada ya miezi kadhaa kinakuja kimevaa shati jipya.

Haya majina Alfa, Delta, Omikroni yametoka wapi, na kwa nini hayaishi?

Kirusi kikiingia mwilini kinajinakili mamilioni ya mara, na kwenye kunakili kinakosea, kama mtu anayenakili daftari la mwenzake haraka haraka. Makosa mengi hayana maana, mengine yanakisaidia kuambukiza zaidi au kukwepa kinga, basi hicho ndo kinatawala. Mwanzoni watu walikuwa wanavitaja kwa nchi, "cha Uingereza", "cha Afrika Kusini", ikawa unyanyapaa mtupu, ndipo tarehe 31 Mei 2021 Shirika la Afya likaamua vipewe herufi za Kigiriki. Alfa ilionekana kwanza Uingereza, Beta Afrika Kusini, Delta India, na Omikroni ikapewa jina tarehe 26 Novemba 2021 baada ya wataalamu wa Afrika Kusini kuutangazia ulimwengu (na shukrani waliyopata ni kufungiwa ndege, hilo tuliache). Kuanzia hapo hakuna herufi mpya iliyotolewa, zile XBB, JN.1 na wenzake wote ni watoto na wajukuu wa Omikroni.

Mwaka 2020 watoto si walikuwa hawaumwi kabisa?

Walikuwa wanaumwa, ila kidogo. Ripoti ya mwanzo ya China, Februari 2020, watoto na vijana walikuwa kama asilimia 2.4 tu ya wagonjwa wote. Baadhi hawakuonyesha chochote, wengine ni homa, kikohozi kikavu, uchovu. Pua ya mtoto inapambana na virusi vya mafua mwaka mzima kwa hiyo ulinzi wake wa mwanzo uko macho muda wote, hilo lilisaidia. Pia shule zilifungwa, mtoto angeambukizwa na nani? Hapo ndo ilipozaliwa ile imani kwamba korona ni ya wazee, na mpaka leo kuna mzazi anakuja nayo wodini.

Alfa na Delta zilibadilisha nini?

Kwa dalili zenyewe, siyo sana kama watu wanavyodhani. Kuna utafiti wa Uingereza ambao wazazi walikuwa wanajaza dalili za watoto wao kwenye programu ya simu, watoto wa shule 1,734 waliougua kati ya Septemba 2020 na mapema 2021. Dalili zilizoongoza ni kichwa kuuma na uchovu, siyo kikohozi! Kichwa peke yake zaidi ya watoto 6 kati ya 10. Kwa wastani waliumwa siku 6, wadogo wa miaka 5 mpaka 11 siku 5, wakubwa siku 7. Delta ilipokuja wakailinganisha na Alfa, dalili zikaongezeka kidogo, homa na kichwa zikawa zaidi, lakini siku za kuumwa zikabaki karibu zile zile.

Kwa nini basi Delta iliogopesha? Kwa sababu ilienea vibaya mno. Marekani kati ya Juni na Agosti 2021 watoto waliolazwa waliongezeka kama mara 5, lakini ukiangalia waliolazwa peke yao, sehemu ya waliozidiwa sana ilikuwa karibu sawa na kabla ya Delta. Moto ule ule, nyumba nyingi zaidi. Na watu wazima walikuwa wameanza kuchanjwa, watoto chini ya miaka 12 bado, kwa hiyo kila aliyetazama wodi aliona watoto tu.

Na Omikroni? Si walisema ni nyepesi?

Hapa nikae kidogo, maana hapa ndo tofauti kubwa ilipo.

Ni nyepesi ukichukua kwa mtoto mmoja mmoja. Ila iliambukiza watoto wengi kwa mpigo, na wadogo kabisa, wale chini ya miaka 5, ndo walioumia. Marekani kwenye kilele cha Omikroni walilazwa kama mara 5 ya kilele cha Delta. Na walikuja na sura nyingine, badala ya mapafu ikawa koo, sauti imekauka, kikohozi cha kubweka.

Nakumbuka Januari 2022, usiku wa saa nane hivi, baba mmoja kaingia anakimbia na mtoto wa mwaka na nusu kamfunga kwenye kanga mbili, ananiambia "dada, mwanangu kameza kitu". Mtoto akikohoa unasikia kabisa mbwa anabweka, akivuta pumzi kunatoka sauti kama mluzi mkavu. Hakumeza kitu. Njia ya hewa hapo kwenye kisanduku cha sauti ilikuwa imevimba. Madaktari wanaita krupu, mafua ya kawaida nayo yanaweza kuileta, ila na korona tulikuwa hatujaizoea kihivyo. Alipewa dozi moja ya dawa ya steroidi, baba akaambiwa ampakate wima na asimlaze kwa nguvu, ilipofika alfajiri mtoto anadai chai.

Hospitali moja ya watoto ya Boston, Marekani, walihesabu watoto 75 wa namna hii tangu Machi 2020 mpaka katikati ya Januari 2022, asilimia 81 walikuja ndani ya zile wiki chache za Omikroni. Wengi chini ya miaka 2, wavulana wengi kuliko wasichana.

Angalizo: mtoto akianza mluzi huo ghafla tu, hana mafua hana homa, alikuwa anacheza na punje za mahindi au karanga, basi hapo huenda yule baba angekuwa sahihi. Kimbia hospitali, usiseme ni Omikroni.

Kwa nini Omikroni ishuke kooni badala ya mapafuni?

Watafiti wa Hong Kong walichukua vipande vya njia ya hewa ya binadamu wakaviwekea kirusi maabara, wakaona ndani ya saa 24 Omikroni inazaliana kwenye mirija ya hewa kama mara 70 kuliko Delta, lakini kwenye nyama ya mapafu inajikongoja. Kwa mtu mzima hiyo ni habari njema. Kwa mtoto mdogo inategemea, maana njia yake ya hewa ni nyembamba, chukua mrija wa soda afu chukua bomba la maji, vyote vivimbe milimita moja kwa ndani, uone kipi kitaziba.

Ila usikipe kirusi sifa zote. Omikroni ilipofika ilikuta watu si wale wa 2020. Gauteng kule Afrika Kusini walipima damu kabla haijashika kasi wakakuta zaidi ya asilimia 70 ya watu wana kinga, wengi kwa kuugua, na watoto chini ya miaka 12 zaidi ya nusu. Kwa hiyo mtu akikuambia "Omikroni ni nyepesi" muulize nyepesi kwa nani, mwenye kinga au asiye na kinga? Kichanga wa miezi minne hajawahi kukutana na chochote, kwake kila kirusi ni cha kwanza.

Mtoto alipata degedege, ni korona?

Inawezekana. Tshwane, Afrika Kusini, mwanzoni mwa Omikroni, karibu mtoto 1 kati ya 5 waliolazwa na korona alikuwa na degedege, pamoja na homa, kikohozi, kutapika na kuhara. Ni homa kupanda haraka kwa mtoto mdogo, hasa miezi 6 mpaka miaka 5. Nyingi huisha zenyewe ndani ya dakika chache ingawa kwa mzazi zile dakika ni mwaka.

Jamani naomba hili niliandike taratibu. Mlaze ubavu, chini, mbali na vitu vigumu. Usimwekee kijiko mdomoni, usimpe maji, usimshikilie kwa nguvu, usimfukize na kinyesi cha tembo (bibi yangu wa Bagamoyo alikuwa anaapa nacho, Mungu amrehemu). Angalia saa. Halafu hospitali, hata kama ameamka na anacheka, kwa sababu huku kwetu degedege na homa inaweza kuwa malaria kali au uti wa mgongo, na hizo hazisubiri kesho.

Kupoteza harufu na ladha je? Si ndo alama ya korona?

Ilikuwa. Kwa watu wazima Uingereza wakati wa Delta zaidi ya nusu walipoteza harufu, Omikroni ikaja ikashuka mpaka kama mtu 1 kati ya 6, koo kuuma ndo kukapanda. Kwa watoto haikuwa kipimo kizuri hata mwanzoni, wa miaka mitatu atakuambiaje kwamba hasikii harufu ya mandazi? Atakataa chakula tu, na watoto wanakataa chakula kwa sababu mia moja. Kwa vijana wa sekondari muulize, atakuambia.

Macho mekundu ni kirusi kipya?

Aprili 2023 madaktari wa watoto India walianza kusema wanaona watoto wadogo wenye homa, mafua na macho yanayowasha yenye tongotongo, kipindi hicho kulikuwa na mjukuu mmoja wa Omikroni anaitwa XBB.1.16. Kwa hiyo ndiyo, macho yanaweza kuhusika. Lakini yale macho mekundu yaliyozagaa Dar Januari 2024 yalitangazwa kuwa ugonjwa wa macho wa virusi, mambo mawili tofauti. Na tafadhali msiweke maziwa ya mama, chai ya rangi wala mkojo kwenye jicho la mtoto. Nimeona vyote.

Kuhara na kutapika?

Kwa watoto dalili za tumbo zimekuwepo tangu aina ya kwanza, zinapanda zinashuka. Cha kuangalia ni maji mwilini: anakojoa? akilia machozi yanatoka? ORS kidogo kidogo kwa kijiko, na zinki kama kawaida.

Kuna ugonjwa niliambiwa unakuja wiki kadhaa baada ya korona, ni kweli?

Kweli. Aprili 2020 madaktari wa Uingereza waliona watoto wanakuja na homa kali isiyoshuka, tumbo kuuma hadi wengine wakadhaniwa kidole tumbo, macho mekundu, midomo na ulimi mwekundu, upele, mikono na miguu kuvimba, wengine presha inaanguka na moyo unachoka. Wengi walikuwa wamepata korona wiki 2 mpaka 6 nyuma, tena nyepesi tu, wengine hata hawakujua. Ni kinga ya mwili yenyewe imepandwa na hasira, inashambulia kila kona.

Na hapa aina ya kirusi ilileta tofauti kubwa kweli kweli. Uingereza, ukilinganisha na Alfa, hatari ya ugonjwa huu kwa kila mtoto aliyeambukizwa ilishuka kwa zaidi ya nusu wakati wa Delta, na wakati wa Omikroni ikashuka kwa takriban asilimia 95. Siku hizi ni nadra. Lakini nadra siyo haupo, na kwa watoto wetu weusi upele hauonekani kirahisi kama kwenye picha za mtandaoni, angalia viganja, nyayo, ulimi. Homa siku tatu na tumbo linauma na macho mekundu, usikae nyumbani na mtoto.

Nesi, nikikutajia dalili utaniambia ni aina gani ya kirusi?

Hapana. Hata daktari bingwa hawezi. Kile kipimo cha pua cha dakika 15 kinasema ipo au haipo basi, kujua ni aina gani lazima maabara isome vinasaba vya kirusi na hiyo hufanywa kwa sampuli chache kufuatilia kinachozunguka, siyo kwa ajili ya mwanao. Na hata ungejua, matibabu yasingebadilika. Mtu anakuja ananiuliza dakika kumi kuhusu jina la kirusi wakati mtoto mgongoni anavuta pumzi kwa mbavu! Mteremshe mtoto kwanza mama, majina tutataja baadaye.

Kwa hiyo niangalie nini hasa?

Pumzi. Subiri ametulia, siyo analia wala siyo baada ya kunyonya. Pandisha shati, weka simu mbele, hesabu kila tumbo linapoinuka kwa dakika nzima, siyo nusu dakika ukazidisha mara mbili. Chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Miezi 2 mpaka kabla ya mwaka, 50 au zaidi. Mwaka mmoja mpaka mitano, 40 au zaidi. Ukipata namba hizo nenda kituo cha afya. Sehemu ya chini ya kifua ikibonyea ndani anapovuta hewa, au ule mluzi unasikika hata akiwa ametulia, usihesabu tena, nenda.

Vile vile hawezi kunyonya au kunywa, anatapika kila kitu, degedege, amelegea haamki vizuri, midomo au ulimi umekuwa wa bluu au kijivu. Na kichanga wa chini ya miezi miwili mwenye homa anaenda hospitali bila mjadala, hata kama anaonekana mzima.

Ana homa, nianze na kupima korona au malaria?

Malaria. Siku zote. Kipimo cha kidole ni tone moja la damu, majibu kabla hujamaliza kusalimiana na jirani kwenye foleni. Mwaka 2020 na 2021 kuna watoto walicheleweshwa kwa sababu kila homa ilikuwa korona, au mzazi aliogopa kuja kwamba atawekwa karantini. Na anaweza kuwa na vyote viwili, malaria ikionekana usiache kuangalia kifua.

Nimpe dawa gani nyumbani?

Parasetamoli ya maji kwa uzito wake, miligramu 10 mpaka 15 kwa kila kilo, kila baada ya saa 6, na utumie kile kipimio kilichokuja na chupa maana vijiko vya chai vya nyumbani kila kimoja kina ukubwa wake. Maji, uji, supu, anyonye zaidi. Asali kijiko kidogo kwa kikohozi sawa ila SIYO kwa mtoto chini ya mwaka mmoja. Aspirini hapana. Antibayotiki haziui virusi, ile amoksilini iliyobaki ya kaka yake muache nayo.

Kujifukiza? Najua, 2020 nchi nzima tulikuwa chini ya mablanketi, hata mimi. Kwa mtu mzima hiyo ni hiari yako, kwa mtoto hapana kabisa, sufuria la maji yanayochemka na mtoto anayejirusha ni kuungua, na kuungua kwenyewe ni kubaya kuliko mafua unayoyatibu.

Mimi ndo naumwa, ninyonyeshe?

Nyonyesha. Kinga unayotengeneza inapita kwenye maziwa. Nawa mikono, vaa barakoa ukimpakata, basi.

Kapona lakini mwezi umepita bado anachoka

Kwenye ule utafiti wa Uingereza niliousema, kama watoto 4 kati ya 100 walikuwa bado na dalili baada ya siku 28, na baada ya wiki 8 hawakufika 2 kati ya 100. Mara nyingi ni uchovu na kichwa, na kwa kipindi kile harufu. Mrudishe michezoni polepole. Akishindwa kupanda ngazi alizokuwa anapanda, kifua kinauma au moyo unamwenda mbio amekaa tu, mlete apimwe moyo.

Arudi shule lini?

Homa ikiisha siku nzima bila dawa na anakula vizuri. Kikohozi kinaweza kubaki wiki mbili au tatu, hicho peke yake kisimzuie. Mpe leso mbili, moja ataipoteza.